Gurami: Jike asiye na rangi ndiye mtaji wa mfanyabiashara

MAKINDYE, Kampala – Anayeteremka kutoka kilima cha Makindye hadi Ggaba hana haja ya kuuliza ziwa liko wapi. Kwenye soko la mwaloni samaki hupimwa kwa kilo, na hakuna mnunuzi anayeuliza kama sangara aliye juu ya mizani ni dume au jike. Akishaingia kwenye sufuria, yote ni mamoja.

Kuna biashara nyingine ya samaki jijini Kampala ambayo haina mizani. Huko samaki huuzwa mmoja mmoja, akiwa hai, kwa ajili ya matangi ya kioo ya hotelini, ofisini na sebuleni. Katika biashara hiyo, asiyejua kutofautisha dume na jike hupata hasara kabla hajafika mpakani. Mfano mzuri ni gurami.

Gurami ni samaki wa Asia. Gurami mdogo hutoka India na Bangladesh, gurami lulu hutoka Malaysia na Indonesia, na gurami wa buluu asili yake ni Sumatra. Ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, kama kamongo na kambale wanavyoweza kuishi kwenye matope ya Ziwa Victoria. Kwa sababu hiyo hustahimili maji yenye oksijeni kidogo, na wafanyabiashara humpenda kwa kuwa havunjiki moyo haraka safarini.

Madume wawili kwa jina la "jozi"

Tatizo huanza dukani. Mnunuzi huvutwa na rangi, na kwa gurami mdogo rangi ni ya dume: mistari myekundu na ya buluu inayong'aa. Jike ni wa kijivu cha fedha, amepauka, na wengi humwona kama samaki mgonjwa. Kwa hiyo muuzaji huagiza madume zaidi.

Chukua mfano wa mama anayetoka Busia kununua jozi kumi za wateja wake wa Kisumu. Akichagua wanaopendeza tu, atabeba madume ishirini. Wakiwekwa wawiliwawili katika tangi dogo, kila dume hudai eneo lake. Mmoja hufukuzwa hadi kona, mapezi yakachanika, akaacha kula na akafa. Mteja hatasema kwamba madume walipigana. Atasema ameuziwa samaki wagonjwa, na hatarudi.

Tazama pezi la mgongoni

Alama ya kuaminika zaidi kwa gurami wengi ni pezi la mgongoni. La dume ni refu, limechongoka na huelekea mkiani. La jike ni fupi na ncha yake ni ya mviringo. Kwa gurami wa buluu hiyo ndiyo alama ya kwanza, kwa sababu dume na jike wana rangi inayofanana. Gurami lulu dume ana pia koo na kifua chenye wekundu au rangi ya chungwa, ambacho hukolea akiwa tayari kuzaa. Gurami asali dume huwa na rangi ya chungwa iliyokolea na koo jeusi wakati wa kuzaliana, na jike hubaki kahawia hafifu.

Tumbo husaidia pia. Jike aliyekomaa ni mnene zaidi, hasa akiwa na mayai. Lakini tumbo peke yake hudanganya, kwa maana samaki aliyetoka kula au aliyevimba kwa ugonjwa huonekana vivyo hivyo. Samaki wachanga hawatofautishiki kwa urahisi, na anayeuza vifaranga kwa ahadi ya "dume na jike" anabahatisha. Gurami anayebusu ni mgumu zaidi: hata waliokomaa hufanana, isipokuwa jike anapojaa mayai.

Mnunuzi asiwe na haraka. Asimame mbele ya tangi dakika chache mpaka samaki watulie na wafungue mapezi. Samaki aliyeogopa hukunja pezi, na dume aliyekunja pezi hufanana na jike.

Nani akae na nani

Kwa gurami wa buluu, dume mmoja na majike wawili au watatu katika tangi la lita 100 au zaidi huleta amani kuliko dume na dume, maana samaki huyu hufikia sentimita 15. Gurami mdogo huridhika na tangi la lita 60. Mimea inayoelea na maficho humpa jike pa kukimbilia dume anapomsumbua.

Majirani wazuri ni samaki wapole wasiong'ata mapezi: tetra, rasbora, na koridora anayetafuta chakula chini ya tangi. Wa kuepukwa ni beta, yule samaki mpiganaji, ambaye ni ndugu wa gurami na humwona kama mpinzani. Babu milia hung'ata nyuzi mbili ndefu za tumboni ambazo gurami hutumia kupapasa. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi zaidi na huchafua maji haraka. Na anayefikiri kuchanganya gurami na nkejje wa ziwani, wanaoitwa fulu upande wa Kenya, ajue kwamba nkejje hulinda eneo lake kwa ukali.

Faida iko kwa jike

Jike aliyepauka, ambaye wanunuzi humpita, ndiye anayeweza kumtoa mfanyabiashara katika utegemezi wa ndege kutoka Singapore. Mwenye madume peke yake atanunua upya kila mzigo. Mwenye jike anaweza kuzalisha nyumbani.

Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, kisha humkumbatia jike, na mayai kwa mamia hukaa kwenye mapovu. Baada ya hapo jike aondolewe, maana dume humshambulia akilinda kiota. Mayai huanguliwa kwa siku moja hadi mbili. Vifaranga wakianza kuogelea huhitaji chakula kidogo mno, na dume naye huondolewa asije akawala. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 17. Gurami anataka nyuzi 24 hadi 28. Kwa hiyo kipasha maji ni lazima, tangi lifunikwe ili hewa ya juu isipoe, na umeme ukikatika liviringishwe blanketi.

Hesabu ya mpakani nayo hubadilika. Gurami aliyeshuka kutoka kwenye ndege hawi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kulala wiki moja Kampala. Lakini kanuni za uasili za Jumuiya huwatambua wanyama hai waliozaliwa na kukuzwa katika nchi mwanachama. Utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo huhusu mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kabla ya kufunga mzigo, mfanyabiashara aulize dawati la habari za biashara mpakani kama samaki wake wamo, na cheti gani cha afya kinahitajika.

Ufungaji nao una sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019. Ndoo yenye mfuniko ni salama zaidi kisheria, na kwa gurami inafaa mradi ibaki nafasi kubwa ya hewa juu ya maji. Samaki wasilishwe siku moja kabla ya safari, na madume watengwe.

Jambo la mwisho linawahusu wote wanaoishi kando ya Ziwa Victoria. Samaki asiyenunuliwa asimwagwe ziwani wala mtaroni. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na aina nyingi za nkejje zikatoweka. Gugumaji lililokwamisha mitumbwi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 lilifika Afrika kama ua la mapambo. Wavuvi wa Ggaba hawahitaji pambo lingine lililotoroka.