Bikari Kabla ya Patasi

Ukipita Mji Mkongwe, Zanzibar, simama mbele ya mlango wa nakshi utazame mfaa, ule ubao wima unaotenganisha mbao mbili za mlango. Kwenye milango mingi utakuta mawaridi yamechongwa ndani ya duara, petali zake zimelingana barabara. Ulinganifu wa namna hiyo haupatikani kwa kukadiria. Kabla ya patasi kugusa ubao, kuna jiometri.

Jaribu mwenyewe kwa bikari na karatasi. Chora duara, kisha usiibane wala kuipanua bikari. Weka ncha yake popote kwenye mzingo, chora tao linalopita katikati na kuishia ukingoni pande zote mbili. Pale tao lilipogusa ukingo, hamishia ncha hapo uchore jingine. Ukiendelea hivyo, tao la sita linafunga mzunguko na ua la petali sita limekamilika, bila rula na bila kupima chochote.

Kwa nini ziwe sita? Unganisha alama zile sita na kitovu, kisha kila alama na jirani yake. Utapata pembetatu sita zenye pande sawa, kila moja ikiwa na nyuzi 60 pale kitovuni. Sita mara 60 ni 360, mzunguko mzima.

Hiyo 360 ndiyo inayotawala pambo lolote linalojirudia. Fundi vigae anayetaka umbo moja tu lenye pande na pembe sawa, vigae vikikutana kona kwa kona, ana machaguo matatu: pembetatu, mraba na pembesita. Pembetano, hata ipendeze vipi, haimfai. Kona yake ina nyuzi 108. Tatu zikikutana zinaacha pengo la nyuzi 36, na ya nne haiingii. Mwaka 1891 Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha kwamba mapambo yanayojirudia kila upande kwenye uso bapa yana aina 17 tu za ulinganifu.

Kuna wanaoona kanuni hizi zinamfunga msanii mikono. Mimi naona ndizo zinazompa uhuru. Mwaka 1936 M. C. Escher wa Uholanzi alikwenda Granada, Hispania, akanakili vigae vya Alhambra, kasri la watawala Waislamu. Katika picha yake ya mijusi ya mwaka 1943, msingi ni pembesita. Kipande alichokata upande mmoja alikiongeza upande wa jirani. Eneo halikubadilika, kwa hiyo kila mjusi anaingia kwenye mwili wa mwenzake bila kuacha nafasi. Asiyejua siri hiyo anaona mijusi tu.

Kwenye kanga hesabu ni nyepesi zaidi, lakini kosa huonekana upesi. Tuseme unabuni pindo la kanga ya sentimita 150 kwa 110. Ua la upana wa sentimita 10 litaingia mara 15 upande mrefu na mara 11 upande mfupi. Ukichagua ua la sentimita 12, upande mrefu utaishia na nusu ua, na upande mfupi utabakiwa na sentimita 2 zisizo na kazi. Hapo ndipo kona zinapoharibika, na rangi nzuri haziwezi kuzificha. Kompyuta nayo haikuokoi: itarudia kosa lako mara mia kwa uaminifu uleule.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa sanaa na wa ushonaji: katika wiki za mwanzo wapeni wanafunzi bikari, rula na karatasi tupu, wachore waridi la petali sita mpaka wajue kueleza kwa nini halina petali saba. Programu za usanifu zije baada ya hapo.