Harufu ndani ya ndege: mufanyakazi asingoje ushahidi

Tarehe 12 Novemba 1999, katika inchi ya Uswidi, ndege ya aina ya BAe 146 ilikuwa inatoka Stockholm kwenda Malmö. Katika safari za mbele za siku ile ile, wahudumu wa kabini walikuwa wamesha kujisikia vibaya, bila kujua juu ya nini. Ndege ilipoanza kushuka, kopiloti akashikwa na kichefuchefu, akavaa masiki yake ya oksijeni. Kiisha kidogo kapiteni naye akasikia kizunguzungu, akavaa yake. Kopiloti akapata nafuu upesi kwa oksijeni, lakini kapiteni akalemewa kwa dakika chache, akamuachia kopiloti kuongoza ndege. Ndege ikatua salama.

Hakuna aliyekufa. Mekanisie wakafungua ndege, wakaangalia kila mahali. Katika mwaka 2001, tume ya Uswidi ya kuchunguza ajali ikatoa rapore: piloti walilemewa kwa muda, pengine juu ya hewa iliyochafuka ndani ya kabini.

Neno hilo "pengine" njo linatuleta sisi kuandika. Sisi ni watu wa sendika ya migodi, tunakaa hapa Kenya, Lubumbashi, na mutu anaweza kutuuliza: ninyi wachimbaji munatafuta nini katika mambo ya ndege? Jibu ni kwamba mambo haya tunayajua. Mufanyakazi anavuta kitu asichokiona, anagonjwa, na wakubwa wanamuambia: leta ushahidi. Tena, toka Lubumbashi kwenda Kinshasa barabara ni mateso ya majuma, basi ndege ya pale Luano ni busi yetu. Kila mutu anayepanda anavuta hewa ile moja na wale wanaofanya kazi mule.

Kwanza tueleze hewa ile inatoka wapi. Ndege inaruka juu sana, metre 10 000 na zaidi, kwenye hewa ni nyepesi na mutu hawezi kuishi. Basi katika ndege nyingi motere yenyewe njo inaleta hewa ya kabini. Inavuta hewa ya inje, inaikandamiza katika kompresere, na sehemu moja inatolewa mbele haijachanganywa na mafuta ya kuwaka. Inapozwa, inapelekwa kwa wasafiri. Kazi hiyo ni safi kama mipira ya kuziba mafuta ni mizima. Ikizeeka ao ikipasuka, mafuta ya kulainisha motere yanaweza kuponyoka, yakapata moto mukali, yakageuka mvuke, na mvuke ukaingia kabini. Mafuta hayo yana dawa inayoitwa trikresili fosfati, ya kulinda vyuma visilane. Aina zake zingine ni sumu ya mishipa ya fahamu. Wanaosikia harufu yake wanasema inanuka sawa soksi chafu. Filtre za kabini zinakamata vumbi na vijidudu, mvuke unapita.

Ndege ya Boeing 787, inayotumiwa na Ethiopian na Kenya Airways, imejengwa namna ingine: hewa yake inaingizwa na kompresere za umeme, haipitie ndani ya motere. Lakini ndege nyingi duniani ni za namna ya zamani, na nyingi hazina chombo cha kupima mvuke huo. Chombo kilichopo ni pua ya mufanyakazi.

Sasa, wafanyakazi wa ndege wanafanya nini harufu ikitokea? Kanuni ya kwanza ya piloti ni kuvaa masiki na kufungua oksijeni kamili, mara moja, mbele ya kuanza kutafuta sababu. Akingoja kujua kwanza, anaweza kupoteza akili wakati wa kutafuta. Kiisha masiki, anasoma liste ya kazi za hatari, anajulisha watu wa mnara wa uwanja, na anatafuta uwanja wa karibu. Upande wa kabini, wahudumu wanaangalia furu ya chakula, vyoo, vikapu vya takataka, mifuko yenye simu na batri. Wanamuambia kapiteni kwa simu ya ndani: harufu ya namna gani, iko wapi, moshi unaonekana ao hapana, wangapi wanajisikia vibaya. Kama kuna moto, wanavaa kofia ya kupumulia inayofunika kichwa kizima, ndipo wanaukaribia na kizimamoto.

Juu ya nini haraka yote hii kwa harufu tu? Tukumbuke Swissair 111. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1998, ndege hiyo ilitoka New York kwenda Geneva. Piloti walisikia harufu katika chumba chao, wakazania ni ya mashine ya kupoza hewa. Ilikuwa moto wa nyaya, uliofichwa juu ya dari. Tangu harufu ya kwanza mpaka ndege kuanguka katika bahari karibu na Kanada, zilipita kama dakika 20. Watu 229 walikufa. Basi harufu isiyojulikana haina "tungoje kidogo". Inaweza kuwa bure, inaweza kuwa mafuta, inaweza kuwa moto, na pua haiwezi kutenganisha.

Kuna jambo moja wasafiri wengi hawalijui. Masiki zile za njano zinazoanguka toka juu hazisaidie kwa moshi, kwa sababu zinachanganya oksijeni na hewa ya kabini yenyewe. Ziliwekwa kwa siku hewa inapotoroka inje. Basi ukiona moshi na masiki hazishuke, usipige kelele kwamba wanataka kutuua. Funika mudomo na pua na kitambaa, inama, kaa na mukaba, sikia maneno ya muhudumu. Tusikimbilie wote mbele. Sisi Wakongomani tulisha kuona ile: tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo ilianguka Bandundu, watu 20 wakakufa. Mutu mumoja tu alipona, naye alieleza kwamba mamba alitoka katika mufuko wa musafiri, na wote wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza usawa.

Lakini mapambano yetu ya sendika yanaanzia pale ndege imesha kutua na wasafiri wamerudi nyumbani. Katika Australia, mwaka 1992, muhudumu mumoja wa kabini alivuta moshi ulioingia katika BAe 146 wakati wa kushuka. Kikohozi hakikumuacha tena. Alishitaki kampuni yake, na tribinali ilimupa haki mwaka 2009. Hesabuni wenyewe: miaka 17. Kampuni ikapinga, na mwaka 2010 korti kubwa ya inchi ile ikakataa kusikiliza tena. Na tribinali iliyomupa haki ni ipi? Ni Tribinali ya Magonjwa ya Vumbi ya New South Wales, iliyoundwa juu ya watu walioharibika mapafu kwa vumbi la kazi. Mukisoma hiyo, ndugu wa migodi, mutaelewa kwamba muhudumu aliyevaa foulard shingoni na muchimbaji mwenye kofia ya chuma wanapanga mustari mumoja.

Wanasayansi wangali wanabishana juu ya ugonjwa wa siku nyingi kwa wale waliovuta mvuke wa ndege mara na mara. Wabishane, ni kazi yao. Lakini mugodini, kiisha kupasua mwamba na baruti, hatuingie mpaka hewa imetoka na imepimwa, juu gazi ya monoksidi ya kaboni haina harufu hata kidogo. Hakuna mukubwa anayetuambia: ingieni kwanza, mukianguka njo tutaamini. Sheria hiyo ya akili ifike na angani.

Tunaomba mambo manne kwa kampuni zote zinazotua Luano. Kila harufu iandikwe katika kitabu cha ndege siku ile ile, hata mekanisie wasipopata kitu. Mufanyakazi aliyevuta apelekwe kwa munganga mara moja, damu ipimwe, juu alama za sumu zinapotea upesi. Delege wa sendika apewe kopi ya rapore, ili mugonjwa asifike CNSS mikono mitupu. Na piloti aliyerudisha ndege kwa sababu ya harufu asikatwe mushahara, asiulizwe bei ya kerozeni iliyopotea.

Nasi wasafiri, ndege ikirudi Luano na kapiteni akisema tu "kuna harufu", tusimutukane juu ya mukutano wetu wa Kinshasa. Ametumikia pengine yake vizuri.