ANEKSE IMEKWISHA KUJENGWA: NANI AMEPIMA UMEME WAKE?



Jamaa inakua, watoto wanaongezeka, shemeji anafika kutoka mugini kwa kusoma, na nyumba haitoshi tena. Baba wa jamaa ananunua matofali, simenti na malata, anaita fundi, na kisha wiki chache chumba kimesimama nyuma ya nyumba. Wengine wanakifanya jiko, wengine wanakipangisha kwa lokateri. Hilo ni jambo la sifa.

Lakini siku za mwisho, feza zikiwa zimekwisha, mara nyingi anaitwa kijana wa jirani: «Utuvutie umeme kidogo.» Kijana anafunga waya mbili kwa priza ya sebule, anazipitisha juu ya malata, ampule inawaka, watu wanapiga mikono. Wote wanasema: kazi imekwisha.

Hapana, kazi haijakwisha. Ampule inayowaka inaonyesha neno moja tu, kwamba kuran inafika. Haionyeshi kama kuran hiyo itakatika siku itakapopita katika mwili wa mutoto. Jambo hilo linajulikana kwa kupima, na aliyepima anaandika jina lake juu ya karatasi. Karatasi hiyo ndiyo sertifika tunayotaka kueleza leo.

KAZINI UNAIKUBALI, NYUMBANI UNAIKATAA?

Wewe unayefanya kazi katika atelye ao katika mugodi, unajua desturi yetu. Hakuna mutu anayegusa moteri ya pompi mbele kuran haijakatwa, kadena haijafungwa, na karatasi haijatiwa sahihi na yule aliyekata na kupima. Hakuna anayesema kwamba karatasi hiyo ni maneno ya buro. Unajua kwamba macho hayaoni kuran, na kwamba karatasi inasema: «Mimi fulani nimepima, mahali hapa ni salama.»

Sasa, jioni unarudi nyumbani. Umeme wa nyumbani ni volti 220. Bibi yako na watoto hawana kaske wala viatu vya kazi. Wanatembea miguu wazi juu ya simenti yenye maji. Kama wewe, mutu wa kazi, unalindwa kwa karatasi na kadena, wao wanalindwa na nini?

KURAN KIDOGO INATOSHA KUUA

Watu wengi wanazani kwamba umeme unaoua ni ule wa nguzo kubwa tu. Tufanye hesabu. Ampule ndogo ya wati 60 inakunywa karibu miliampere 270. Tazama sasa mwili wa mutu:

– kwa miliampere 10 hivi, mikono inajifunga na mutu anashindwa kuachia waya;
– kwa miliampere 30, misuli ya kifua inaweza kukazana na pumzi kusimama;
– kuanzia miliampere 50 hadi 100, ikipita katika kifua kwa muda wa sekunde moja ao zaidi, moyo unaweza kutetemeka bila kupiga damu. Kisha dakika chache ni kifo.

Mwili wenye ngozi iliyolowa maji unazuia kuran kwa om 1000 hivi tu. Gawa volti 220 kwa om 1000: unapata miliampere 220. Ni kusema, kuran isiyotosha hata kuwasha vizuri ampule ya wati 60 inapita kipimo cha kusimamisha moyo.

Tuseme waya iliyopitishwa juu ya malata imechubuka kwa jua na upepo. Malata yote yanashika kuran. Kamba ya chuma ya kuanika nguo imefungwa kwa malata hayo. Mvua imenyesha, udongo umelowa, na mama anakuja na nguo zenye maji. Hakuna aliyegusa priza, hakuna aliyecheza na waya. Lakini hatari iko juu ya kamba inamungojea.

SERTIFIKA INATAZAMA NINI?

Yule anayefanya kontrole haji kutazama kama ampule inawaka. Anapima mambo matano makubwa:

1. Tere. Ni nondo ya chuma ao ya shaba inayopigwa chini ya udongo, pamoja na waya ya rangi ya kijani na manjano inayofika kwa kila priza. Kuran ikitoroka katika frigo ao resho, inashuka kwa waya hiyo. Lakini nondo iliyopigwa katika muchanga mukavu yaweza kuwa bure. Kwa hiyo inapimwa kwa chombo. Ikiwa chini ya om 30, ni vizuri sana.

2. Disjonkteri diferansieli ya miliampere 30. Hiyo inalinganisha kuran inayoingia na ile inayorudi. Tofauti ikifika miliampere 30, inakata mara moja. Ukiwa na tere, inakata siku ile ile frigo inapoharibika. Bila tere, inangojea mutu aguse, ndipo ikate. Kwa hiyo vyote viwili vinahitajiwa. Fahamu vilevile kwamba haiwezi kumulinda mutu anayeshika waya mbili pamoja, moja kwa kila mukono.

3. Unene wa waya. Kwa ampule, waya ya milimeta kare 1,5 na fizible ya ampere 10. Kwa priza, milimeta kare 2,5 na fizible ya ampere 16. Kwa jiko kubwa, milimeta kare 6. Resho mbili za wati 2000 zinavuta zaidi ya ampere 18. Ukizifunga kwa waya ya ampule, fizible itakatika, na inafanya vema, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ubaya ni pale mutu anapokasirika na kutia kipande kinene cha shaba kwa nafasi ya fizible. Shaba yetu inayeyuka kwa digri 1085, lakini plastiki inayofunika waya imefanywa kwa digri 70 tu. Basi shaba itabaki nzima, na nyumba itaungua.

4. Kifuniko cha waya. Kontroleri anatuma volti 500 za kupimia katika waya, umeme ukiwa umekatwa, na anatazama kama kuran inatoroka. Kipimo kizuri ni megaom 1 ao zaidi. Waya iliyotobolewa na musumari ndani ya ukuta haionekani kwa macho, lakini chombo kinaiona.

5. Viungo. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa kipande cha plastiki cha mufuko zinapata moto. Kila kiungo kinapashwa kuwa ndani ya sanduku, na waya zikazwe kwa domino.

NAMNA YA KUIPATA

Ukikaa katika nyumba ya kampani, kumbuka kwamba nyumba si yako. Mbele ya kuweka tofali la kwanza, uombe ruhusa kwa buro ya manyumba, na useme wazi kwamba utaweka umeme. Wafundi wa umeme wa kampani ndio watakaotazama kama laini ya nyumba inaweza kubeba chumba kingine, na ndio watakaopima mwisho wa kazi.

Ukijenga katika parsele yako, fuata njia hii:

Kwanza, chagua elektrisye aliyejifunza kazi. Umuombe brevet yake bila haya. Wengi wamefundishwa katika shule za ufundi ao katika INPP, na mutu wa kazi hakasiriki akiulizwa.

Pili, akuchoree mupango wa waya mbele ya kuanza: waya gani inapita wapi, na kila fizible inalinda nini. Uutunze pamoja na karatasi za parsele. Siku utakapotoboa ukuta, utajua mahali pa kuepuka.

Tatu, umuite mbele ya fundi kupaka simenti juu ya waya. Kisha simenti kukauka, hakuna anayeweza kutazama viungo bila kuvunja.

Ine, kontrole ifanywe na mutu mwingine. Aliyefunga waya asijitolee sertifika mwenyewe. Office Congolais de Contrôle (OCC) iko na kazi ya kontrole za namna hiyo. Na kama inapasa kuongeza nguvu ya kontere ao kuvuta laini mupya, uende kwa SNEL. Usifunge waya mbele ya kontere wala kwa nguzo, hata kwa usiku mumoja.

Tano, soma karatasi mbele ya kulipa. Inapashwa kuonyesha tarehe, jina na sahihi, na hesabu zilizopimwa: om za tere, megaom za waya, miliampere za disjonkteri. Karatasi inayosema «Bon» tu, bila hesabu, haikupima kitu.

Kisha hapo, finya buto ya «Test» ya disjonkteri mara moja kila mwezi. Inapashwa kukata. Isipokata, ita fundi. Na umeme ukikatika kwa delestaji, toa resho na pasi katika priza. Kuran inaweza kurudi usiku watu wakilala.

Wengine watasema: «Feza za kontrole ni nyingi.» Ni kweli kwamba zinauma. Lakini panga feza hizo pamoja na za malata toka mwanzo, wala si mwisho. Kama hazitoshi, chumba kikae bila umeme mwezi mumoja ao miwili. Giza haliui mutu.

AJALI IKITOKEA

Usimushike mutu aliyeshikwa na kuran. Kata disjonkteri kubwa kwanza. Kama haiwezekani, simama juu ya ubao mukavu na usukume waya kwa muti mukavu wa ufagio. Nguzo kubwa ya umeme usiisogelee hata kidogo.

Akiwa hapumui, mulaze chali, finya katikati ya kifua kwa mikono miwili, santimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mafinyo 30, pulizia pumzi 2 katika kinywa. Usiache mpaka musaada ufike. Kuran haibaki mwilini, basi usimupe maziwa wala mafuta ya «kuitoa», na usimuzike katika muchanga.

Hata kama anaamuka na kusema «niko muzima», umulete kwa dispansere siku ile ile. Moyo unaweza kuharibika mwendo kisha saa kazaa. Kidonda cha umeme kinaweza kuwa kidogo kama mbegu ya mahindi katika kiganja, na nyama ya ndani imeungua mpaka kwenye bega. Mikojo ikiwa myeusi ao myekundu, ni alama kwamba misuli imekufa na mafigo yako katika hatari. Umuambie munganga wazi kwamba ni umeme.

Sisi watu wa dispansere tunaweza kufunga kidonda na kuita ambilansi. Lakini moyo uliosimama nyumbani, mara nyingi unafika kwetu ukiwa umechelewa. Dawa yake ni ile karatasi yenye hesabu na jina.

Basi jioni hii, ukifika nyumbani, tembea mpaka kwenye anekse yako. Tazama juu ya malata, tazama kamba ya nguo, tazama fizible. Kisha ujiulize: nani amepima? Kama hakuna jina la kutaja, kata umeme wa chumba kile leo, na kesho uende kuomba kontrole.

Kukinga ni bora kuliko kuponyesha.