Blantyre: Mji wa Pamba na Makaa ya Mawe

Blantyre ni mji mdogo wa Uskoti ulio kando ya Mto Clyde, kusini-mashariki ya Glasgow, nao hutajwa zaidi kwa sababu David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Afrika, alizaliwa huko mwaka 1813, ingawa waliouumba ni wasokota nyuzi na wachimba makaa.

Mwaka 1785 David Dale na James Monteith walianzisha hapo kiwanda cha kusokota pamba, ambacho mitambo yake iliendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto, na wafanyakazi wakakaa katika nyumba za kampuni. Jengo moja, Shuttle Row, lilihifadhi familia 24, kila moja katika chumba kimoja. Livingstone aliingia kiwandani akiwa na miaka 10, akiunga nyuzi zilizokatika mashineni tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, ndipo aende shule. Pamba hiyo, jambo ambalo waandishi wengi wa zamani wa wasifu wa Livingstone waliliruka, ilitoka Amerika na visiwa vya Karibi, ilikolimwa na watumwa. Kwa hiyo mpinzani huyo mashuhuri wa biashara ya utumwa alilelewa kwa ujira uliotokana na jasho lao.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 makaa ya mawe yalichukua nafasi ya pamba, na wahamiaji wengi kutoka Ayalandi wakaja kuyachimba. Tarehe 22 Oktoba 1877 gesi ya methani, ambayo hutoka kwenye miamba ya makaa na kulipuka ikichanganyika na hewa na kukutana na moto, iliwaua watu 207 katika mashimo ya kampuni ya William Dixon. Hakuna ajali ya mgodini iliyoua wengi kuliko hiyo katika historia ya Uskoti. Wajane 34 waliokuwa bado katika nyumba za kampuni walishtakiwa, na mwezi Mei mwaka uliofuata wakatolewa nje kwa amri ya mahakama.

Kiwanda cha pamba hakipo tena. Shuttle Row iliokolewa kwa heshima ya Livingstone, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1929, na tangu ukarabati uliokamilika mwaka 2021 inawapa nafasi pia Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza msafara uliobeba maiti yake hadi Bagamoyo.