Mizinga midogo ya Bonane

Usiku wa Bonane moja nilikuwa Ndjingala, ku Walikale, na vijana wa shimo letu. Walikuwa na kipande cha tiyo ya chuma, wamekisimamisha kwenye mchanga, ndani baruti nyeusi waliyoinunua kwa mwindaji. Mlio wa kwanza ulitoka muzuri, moshi mweupe, watoto wakapiga makofi. Wa pili vilevile. Kwa wa tatu, kijana mmoja aliinama kumimina baruti wakati tiyo iko bado ya moto. Hakuna mtu aliyewasha kitu. Ilijiwakia yenyewe.

Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume, na jicho moja. Mu shimo yeye njo alikuwa anapiga nyundo kuliko sisi wote. Leo anauza mayunite kando ya barabara. Sisi wa sendika tulichangisha feza ya hopitali, lakini hakuna mtu wa kumlipa: ajali haikuwa ya kazi, ilikuwa ya mchezo.

Ndugu wachimbaji, ninyi munaijua baruti, lakini munaijua nusu. Baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki moshi na uchafu unaoshikamana ndani ya chuma, na mu ule uchafu kaa dogo linaweza kulala bila kuonekana. Ukimimina juu yake, mkono wako na uso wako viko pale pale mdomoni mwa tiyo. Na tiyo ya maji ilitengenezwa kwa maji. Mara kumi itavumilia, mara ya kumi na moja inapasuka ku soudure, na vipande vyake vinaruka kama vya grenade.

Baruti hiyo iko na deni la zamani kwa watu wa shimo. Tarehe 8 Februari 1627, Kaspar Weindl aliitumia kupasua mwamba chini ya ardhi kule Schemnitz, mji ambao leo uko Slovakia. Kisha wachimbaji walikufa miaka mia mbili kwa sababu utambi ulikuwa unawaka haraka ao unachelewa, mpaka William Bickford, Mwingereza wa Cornwall, alipotengeneza mu 1831 utambi unaowaka kwa mwendo unaojulikana. Watu walilipa sheria za baruti kwa damu, na ile ya kwanza kila boutefeu anaijua: isipolipuka, usirudie haraka. Sasa ajabu ni hii: mtu anaiheshimu sheria hiyo mu shimo, halafu jioni, na chupa ya kasiksi mkononi, anaisahau.

Mutaniambia kwamba Wazungu nao wanacheza. Ni kweli. Kule Berchtesgaden, Ujerumani, mji wenye mgodi wa chumvi tangu 1517, watu wa vyama wanapiga mizinga midogo ya mkono kila mwaka kabla ya Noeli, na milima inaitika. Ila mu inchi yao mtu anasoma kwanza, anapewa ruhusa ya serikali, na chuma chake kinapelekwa kupimwa kila miaka mitano. Sisi nani anatupimia tiyo?

Na kule hakuna mtu anayekimbia. Masisi, mlio usiku ni habari ingine. Toka M23 iingie Rubaya mu 2024, na hata mbele ya pale, mama akisikia "bum" hashangilii. Anabeba mtoto, anatafuta kiatu gizani. Na askari aliye ku barriere hatauliza kama ni sherehe. Atajibu kwa risasi. Mimi nimeona kijiji kizima kinalala msituni sababu ya petari ya watoto. Asubuhi hatukuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Kuna jambo lingine linaniogopesha zaidi. Mtoto akizoea kwamba mzinga ni mchezo, ataokota ule wa kweli. Bombe la mortie lililoanguka bila kulipuka linakuwa na kutu, linafanana na chuma cha kuuza kwa kilo. Wamama, waambieni: wasiguse, wasirushie mawe, wasirudishe nyumbani. Wakumbuke pahali tu, warudi kwa njia waliyojia, wamuite chef wa kijiji ili ajulishe wanaotegua mabomu.

Kwa mapdg wa mashimo niko na neno moja: baruti na dawa ya kulipua zinazobaki jioni zihesabiwe na mtu mmoja anayejulikana, zifungwe. Tumeliomba hilo ku mikutano mingi. Jibu ni lile lile: "Tutaona."

Juzi nilimuuliza yule kijana wa Ndjingala kama naweza kuandika habari yake.

"Andika, papa," alisema. "Ila jina yangu utoshe. Mama yangu anajua kusoma gazeti."