Elfu Moja ya Nyumba Ikifika Lamu

Shilingi elfu moja ya marupurupu ya nyumba haimfikii muuguzi ikiwa elfu moja. Kwa viwango vya makato vya mwaka 2025, bima ya afya ya SHIF inachukua 27 na nusu, tozo ya nyumba za bei nafuu 15, na akiba ya uzeeni ya NSSF 60. Kinachobaki kinatozwa ushuru wa mapato wa asilimia 30, kiwango cha mtu aliyevuka shilingi 32,333 kwa mwezi. Mwisho wa safari hiyo zinabaki 628. Mwenye nyumba hayamhusu hayo. Yeye anadai elfu yake nzima.

Ndivyo ilivyo kwa mfanyakazi yeyote wa kiwango hicho Kenya nzima. Lakini kwa muuguzi aliyepangiwa kazi Lamu, hizo 628 zinakwenda kutafuta chumba kisiwani, na kisiwa kina hesabu zake.

Sitini elfu mpaka mkononi

Tuchukue, kwa viwango hivyo hivyo vya 2025, mfano wa muuguzi wa mkataba ambaye mshahara na marupurupu yake yote ni shilingi 60,000 kwa mwezi. SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75, yaani 1,650. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 900. NSSF ni 3,600. Ushuru wa mapato, baada ya kuondoa nafuu ya 2,400 anayopewa kila mlipa ushuru, ni kama 8,538. Jumla ya makato ni 14,688, na mkononi anapokea 45,312. Hapo bado hajalipa ada ya chama wala mkopo wa Sacco. Pesa za NSSF ni zake, atazikuta uzeeni, lakini kodi ya mwezi huu haingoji uzee.

Katika hizo 45,312, kila 5,000 za kodi zinakula karibu asilimia 11. Na kama marupurupu ya nyumba ndiyo yanayotarajiwa kulipa chumba cha 10,000 bila kugusa mshahara, basi kwenye hati ya malipo yanapaswa kuandikwa karibu 15,900. Katika makato hayo imo pia tozo ya nyumba, inayohesabiwa juu ya malipo yote. Kwa hiyo pesa aliyopewa muuguzi akalipie nyumba anayolala leo inakatwa kujenga nyumba nyingine ambayo huenda asiione.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa kwa gharama yake mwenyewe, au amlipe juu ya mshahara pesa za kutosha kupangia. Kifungu cha 19 kinazuia makato yasipite theluthi mbili ya mshahara, ili mtu arudi nyumbani na theluthi moja angalau. Tatizo ni kwamba kodi ya nyumba haiandikwi kwenye hati ya malipo. Theluthi iliyolindwa na sheria dhidi ya Sacco na benki ndiyo hiyo hiyo anayoifuata mwenye nyumba tarehe tano.

Mji mdogo, nyumba adimu

Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti ndiyo mwajiri. Viwango vya marupurupu, hata hivyo, vinapangwa Nairobi na Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Mpangilio wake wa marupurupu ya nyumba wa 2014 uliigawa nchi makundi manne: Nairobi juu peke yake, kisha miji mikubwa kama Mombasa na Kisumu, kisha iliyokuwa manispaa, na chini kabisa maeneo mengine yote. Mantiki yake inaeleweka: mji ukiwa mkubwa, kodi ni kubwa. Mizani hiyo inapima ukubwa wa mji. Bahari haiipimi.

Mji wa Lamu hauwezi kutanuka kama Nakuru. Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, haubomolewi ili pasimame ghorofa za vyumba vya kupangisha. Nyumba za mtaa wake wa Mkomani, za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, zinakarabatiwa kwa masharti, na ukarabati wake una bei. Upande wa kijiji cha Shela yako matuta ya mchanga yanayohifadhi maji matamu ya kisiwa. Kujenga juu yake ni kuchezea kisima cha mji mzima. Kinachobaki ni mitaa mipya nyuma ya mji, kama Wiyoni na Gadeni. Huko nako saruji inafika Mokowe, bara, kwa lori, inavuka kwa chombo, kisha inaingia vichochoroni juu ya punda. Kila hatua ina ujira wake, na ujira wote huo mwishowe unamwangukia mpangaji.

Halafu wapo wageni. Nyumba ya Shela au Mkomani iliyotengenezwa vizuri haishindaniwi na wauguzi wawili. Inashindaniwa na muuguzi anayelipa kwa mwezi na mtalii anayelipa kwa usiku. Maulidi yakikaribia, au Disemba ikiingia, mwenye chumba anajua hesabu ipi ina faida. Kuna familia ambazo pango la wageni ndilo karo ya watoto wao, na hakuna wa kuwalaumu. Ila soko la namna hiyo halimpi nafasi mtu mwenye marupurupu yaliyopimwa kwa kundi la miji.

Mwenyeji na mtu wa kuja

Katika wodi moja ya hospitali wanaweza kusimama wauguzi wawili wenye cheo kimoja, malipo sawa na makato sawa, na mwisho wa mwezi wakawa watu wa hali mbili tofauti. Wa kwanza ni binti wa Lamu. Kwa desturi ya mji, mzazi mwenye uwezo humpa bintiye nyumba au orofa anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Kwake marupurupu ya nyumba ni nyongeza ya mshahara. Wa pili ametoka Kitui au Kisii. Kwake marupurupu hayo ni ya kuanzia tu, na dipoziti anaitoa kabla hajapokea mshahara wa kwanza.

Huyu wa pili anaweza kupanga Mokowe, bara, ambako ardhi ipo. Lakini makao makuu ya kaunti yako huko huko, na gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa jirani hapo Mei 2021, kwa hiyo vyumba anavigombania na makarani na wafanyakazi wa bandari. Akipata chumba, kila siku ana nauli ya kuvuka kwenda na kurudi, na mtu wa zamu ya usiku hapangi saa zake kwa ratiba ya chombo. Anachookoa kwenye kodi anakiacha gatini.

Atakumbushwa kwamba Lamu inalipiwa marupurupu ya mazingira magumu. Ni kweli, na yanasaidia. Lakini hayo ni malipo ya umbali na ugumu wa kazi yenyewe. Yakishalipa kodi ya chumba, ugumu unabaki bila malipo.

Upande wa Pate

Ukienda Faza, Siyu au Kizingitini katika kisiwa cha Pate, au kisiwa cha Kiwayu, suala linageuka. Kodi huko si ya kutisha. Nyumba ya kupanga ndiyo adimu, hasa ya mgeni asiye na jamaa kijijini. Kwenye zahanati ya kisiwani nyumba ya mtumishi ni sehemu ya huduma. Muuguzi akilala uani kwa zahanati, mama mwenye uchungu saa nane za usiku ana wa kumgongea. Akilala ng'ambo, mama huyo anangoja maji yajae. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, hata maji yakijaa nahodha anafikiri mara mbili.

Dawa iko wapi

Jambo jepesi kudai ni kuongeza marupurupu. Wauguzi wa Kenya wanajua bei ya madai: mgomo wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba. Nyongeza inastahili, na inaweza kupimwa kwa haki zaidi. Uingereza inawalipa wauguzi wa umma wa katikati ya London nyongeza ya asilimia 20 ya mshahara wa msingi, yenye kima cha chini na cha juu, na ya pembezoni mwa jiji inapungua. Kigezo chao ni gharama ya mahali penyewe. SRC ikifuata njia hiyo, visiwa vitapata mstari wao.

Lakini turudi kwenye zile 628. Kaunti ikitoa elfu moja ya marupurupu, zaidi ya mia tatu na sabini hazimfikii mpangaji, na zinazomfikia anazipeleka kwenye soko lile lile la vyumba vichache. Pesa zaidi katika soko hilo zitapandisha kodi kabla hazijaongeza chumba. Nyumba ya watumishi nayo ina gharama na ina hesabu yake ya ushuru, ila inaongeza vyumba, na mpangaji hahamishwi Disemba ikifika. Palipo na nyumba za zamani zilizofungwa kwa ukosefu wa ukarabati, kaunti inaweza kuafikiana na wenyewe: itengeneze, ipangishe watumishi kwa miaka ya makubaliano, kisha irudishe. Mji unapata uhifadhi na wodi inapata mtu.

Wenye kuamua wana kipimo rahisi mkononi. Tangazo lijalo la nafasi za wauguzi Lamu liandike cheo, mshahara na marupurupu kama kawaida, kisha liongeze mstari mmoja: mwajiriwa atalala wapi.