Kichanga Angani, Kisha Milimani: Safari ya Kwanza ya Kwenda Bumbuli

Wasambaa wenzangu tunaozalia ng'ambo hukutana mapema na sharti hili: mashirika mengi ya ndege hayampokei mtoto asiyefikisha siku 7, na mengine hutaka siku 14. Sharti hilo halikuwekwa kwa kutusumbua. Lina sababu yake.

Ndege ikiruka juu ya mita 10,000, hewa ya ndani hushindiliwa ili watu wapumue, lakini haifikishwi kiwango cha pwani. Huachwa iwe kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa hiyo abiria hupumua kama mtu aliyepanda juu kabisa ya msitu wa Magamba, kule Lushoto. Mtu mzima mwenye afya hahisi kitu. Lakini kichanga wa siku mbili tatu, mapafu yake ndiyo kwanza yamezoea hewa, na njia za damu alizozitumia tumboni bado zinajifunga. Njiti, au mtoto mwenye tatizo la moyo au kifua, asipangiwe safari kwa kuhesabu siku. Daktari ndiye aamue.

Mimi ningengoja arobaini ipite. Kwa mtoto, wakati huo unakaribiana na chanjo za wiki ya 6, na mama naye anakuwa amepata nguvu. Pasipoti pia huchukua muda: hata kichanga anahitaji ya kwake, na haipatikani kabla ya cheti cha kuzaliwa.

Ndani ya ndege, mtoto wa chini ya miaka 2 huruhusiwa kupakatwa, na nauli yake katika safari za kimataifa kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Ruhusa hiyo ina historia chungu. Julai 1989, ndege ya shirika la United ilianguka Sioux City, Marekani. Kabla ya kutua, wazazi waliopakata watoto waliambiwa wawalaze sakafuni. Mtoto mmoja wao alifariki. Mhudumu mkuu wa ndege hiyo, Jan Brown, akaanza kupigania kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. Mwaka 2005 mamlaka ya anga ya Marekani ilikataa kulifanya jambo hilo kuwa lazima. Hoja yake: familia zitakazoshindwa tiketi ya ziada zitakwenda kwa gari, na barabarani ndiko watu wanakofia zaidi.

Hoja hiyo inatuhusu sana sisi. Ukitua uwanja wa Kilimanjaro (KIA) au Dar es Salaam, bado una saa nyingi za lami hadi Mombo, kisha mlima wa Soni wenye kona juu ya kona, ndipo uchepuke kwenda Bumbuli. Mnyonyeshe mtoto ndege inaposhuka, ili kumeza kumfungue masikio. Fanya hivyo tena mkifika juu ya mlima, gari likiwa limesimama. Mkilala Mombo, msikose chandarua: malaria hupungua kadiri unavyopanda, na tambarare ndiko iliko nyingi.

Kuhusu gari, nawasihi: njooni na kiti cha mtoto, maana mashirika mengi ya ndege hukibeba bila malipo. Kodini gari lenye mikanda inayokishika, na mpande mlima mchana. Tahadhari tunayoiweka kwenye ndege, tuiweke maradufu kuanzia Mombo.